NANI ASHIKE RATIBA?
Historia ya uratibu wa sanaa na mashirika ya nje, ikitazamwa kutoka Singida

Mjadala juu ya utamaduni wa kigeni, katika semina zetu na katika vyuo vyetu, kwa kawaida huanzia kwenye vitu vinavyoonekana kwa macho: mavazi, miziki, sinema, mitindo ya nywele. Mambo hayo yana uzito wake, lakini yameandikwa mno. Katika makala hii tunataka kuchunguza kazi moja isiyoonekana jukwaani, ambayo kwa maoni yetu imeamua mambo mengi kuliko wimbo au vazi lolote. Hiyo ni kazi ya mratibu: mtu au ofisi inayopanga kikundi gani kiitwe, kicheze wapi, mwezi gani, kwa lugha gani, mbele ya nani, na fungu la fedha lipitie mkononi mwa nani.

Tumechagua kuitazama kazi hiyo kutoka mkoa wa Singida. Mashirika ya kimataifa ya uhusiano wa utamaduni, kama British Council ya Uingereza, Goethe-Institut ya Ujerumani na Alliance Française ya Ufaransa, yamejenga makao yake Dar es Salaam na Nairobi. Historia yake huandikwa na watu waliokaa karibu na milango yake. Singida iko takriban kilomita 700 kutoka Dar es Salaam. Ukikaa Singida huulizi kama onyesho la jana lilipendeza. Unauliza kwa nini halikufika, na hilo ndilo swali la kisiasa.

Ratiba ya wenyeji

Ni kosa kudhani kwamba kabla ya mashirika haya sanaa ya Singida haikuwa na mpango. Mkoa huu ulioundwa mwaka 1963 kutokana na lililokuwa Jimbo la Kati una Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo wa upande wa Manyoni, Wataturu na Wabarbaig wafugaji, na Wahadzabe wa upande wa Mkalama karibu na Ziwa Eyasi. Ngoma zao zilikuwa na wenyewe, zilikuwa na majira, na zilikuwa na masharti. Mvua huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Katika miezi hiyo watu wako shambani kwenye mtama na uwele. Baada ya mavuno, kuanzia Mei au Juni na kuendelea, ndipo ghala huwa na nafaka ya kutengenezea pombe, ng'ombe wamenenepa, na watu wana nafasi ya jando, arusi na ngoma. Kwa hiyo kulikuwa na ratiba, na ratiba hiyo ilifungwa kwenye uzalishaji mali.

Kulikuwa pia na mipaka. Imaa ya wanawake wa Kinyaturu ilikuwa mambo ya wanawake, na mwanamume hakuwa na haki ya kuja kukaa kitako na kutazama. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu mratibu wa kisasa, awe Mwingereza au Mtanzania mwenzetu kutoka mjini, huja akiamini kwamba kila ngoma ni onyesho na kwamba kila onyesho lina nafasi ya watazamaji. Ngoma nyingi za Singida hazikuwa na watazamaji. Zilikuwa na washiriki, na waliokatazwa.

Wajerumani waliofika Kilimatinde, na baadaye kujenga boma Mkalama, hawakuja kuratibu ngoma. Walikuja na kodi na kazi za shuruti. Mapokeo ya Wanyaturu yanamkumbuka Liti, mwanamke aliyeongoza upinzani mwanzoni mwa karne ya 20, na yanasema silaha yake moja ilikuwa nyuki. Masimulizi hayo yalipita kinywa kwa kinywa chini ya tawala mbili za kikoloni bila msaada wa ofisi yoyote. Tutayarudia.

Gari la sinema na mashine ya kunasa sauti

Mpango wa kwanza mkubwa wa sanaa ulioandaliwa na shirika la kimataifa katika Tanganyika ulihusu sinema. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani, liliendesha jaribio lililokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Zilitengenezwa filamu 35 hivi kwa ajili ya Waafrika, na gari lenye mashine ya kuonyeshea lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Filamu hizo zilifundisha kilimo, afya, kuweka akiba, na hatari za mjini.

Tukitazama ufundi, jaribio lile halikuwa la kudharauliwa. Waigizaji walikuwa Waafrika, mahali palikuwa pa Afrika, na maelezo yaliwekwa kwenye sahani za santuri ili yaweze kutolewa kwa lugha mbalimbali. Tukitazama uratibu, kila uamuzi ulibaki kwa wageni: hadithi ipi ni ya mafunzo, mwanakijiji yupi ni mjinga na yupi ni mwerevu, na gari lisimame wapi. Fedha zilipokwisha mwaka 1937 mpango mzima ulikoma. Hapakuwa na Mwafrika aliyeachiwa kamera, na hapakuwa na ofisi ya wenyeji ya kuuendeleza. Mfano huu umejirudia mara nyingi katika miaka 90 iliyofuata, na ndiyo maana tumeuweka mbele.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akinasa muziki wa makabila, pamoja na Wagogo. Kazi yake ilikuwa ya bidii na imeokoa sauti ambazo leo zingekuwa zimepotea. Hata hivyo sahani zake zilikwenda Afrika Kusini, ambako mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika. Katika miaka yote ya ubaguzi wa rangi, mwanafunzi wa Kitanzania aliyetaka kusikia wazee wa Jimbo la Kati walivyoimba mwaka 1950 angelazimika kuomba nchi ambayo serikali yake haikuwa na uhusiano nayo. Tusimlaumu Tracey kwa siasa za Pretoria. Jambo la kujifunza ni kwamba anayeratibu ndiye anayeamua pia kumbukumbu itunzwe wapi.

British Council yaingia Afrika Mashariki

British Council ilianzishwa mwaka 1934 na kupewa hati ya kifalme mwaka 1940. Miaka hiyo inajieleza yenyewe. Uingereza iliona Ujerumani ya Hitler na Italia ya Mussolini zikitumia lugha, vitabu na maonyesho kujipatia marafiki, nayo ikaamua kufanya vivyo hivyo kwa utaratibu wake. Shirika hili halikuwa idara ya ubalozi. Lilikuwa na bodi yake, na wengi wa watumishi wake walikuwa watu wa elimu, si watu wa ujasusi. Wanaoandika kana kwamba kila mwalimu wa Kiingereza alikuwa kachero wanarahisisha mno. Lakini fedha zake nyingi zilitoka kwa serikali ya Uingereza, na lengo lake lilikuwa kuifanya Uingereza ipendwe.

Mwakilishi wake wa kwanza Afrika Mashariki, Richard Frost, alifika Nairobi mwaka 1947. Frost aliamini kwamba sanaa ingeweza kuwakutanisha Wazungu, Wahindi na Waafrika waliokuwa wametengwa na sheria na desturi za walowezi. Kutokana na juhudi hizo sheria ya Kenya Cultural Centre ilipitishwa mwaka 1951, na Kenya National Theatre ikafunguliwa Novemba 1952. Msomaji atakumbuka kwamba hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo. Jengo la kukutanishia watu wa rangi zote lilifunguliwa wakati Wakikuyu wanakusanywa kambini.

Hapa nia njema ya mtu mmoja ilikutana na ratiba ya tabaka. Lugha ya jukwaa ilikuwa Kiingereza, vikundi vilivyokuwa na nafasi ya kufanya mazoezi vilikuwa vya Wazungu, na waamuzi wa mashindano ya michezo ya kuigiza walipima matamshi kwa masikio ya London. Haikuhitajika sheria ya kumzuia Mwafrika mlangoni, ratiba ilitosha. Na ratiba hiyo haikubadilika kwa sababu tu bendera ilibadilika mwaka 1963. Mwaka 1976, miaka 13 baada ya uhuru, michezo ya The Trial of Dedan Kimathi wa Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo, na Betrayal in the City wa Francis Imbuga, iliyokuwa ikitayarishwa kwa ajili ya tamasha la FESTAC la Lagos la mwaka 1977, ilibanwa siku katika ukumbi huo kwa sababu siku nyingine zilikwisha kupangiwa maonyesho ya kigeni.

Makada wasifurahie haraka hadithi hii ya jirani. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walijenga ukumbi wao wa wazi na kuigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikikuyu bila shirika lolote la nje kuwapangia. Mchezo huo ulipigwa marufuku Novemba 1977, Ngugi akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Aliyefanya hayo alikuwa serikali ya wenyeji. Kwa hiyo anayesema kwamba uratibu ukishikwa na mtu wa nyumbani basi sanaa imekombolewa, hajaisoma historia ya Afrika Mashariki hadi mwisho.

Huku Tanganyika, British Council ilifanya kazi hasa kwa vitabu, filamu na michezo ya kuigiza ya shule. Mashindano ya michezo ya kuigiza ya miaka ya 1950 yalikuwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo yalihitaji shule ambazo wanafunzi wake walikijua Kiingereza vya kutosha kukikariri jukwaani. Shule hizo zilikuwa chache nchi nzima, na chache zaidi katika Jimbo la Kati. Mtoto wa Kinyiramba aliyesoma katika shule ya misheni ya Kilutheri aliimba kwaya, na kwaya hizo zimeacha alama kubwa Singida hadi leo. Mmisionari wa Kimarekani Howard Olson, aliyeichunguza lugha ya Kinyaturu, ndiye aliyekusanya nyimbo za kanisa zenye tuni za Kiafrika ambazo sasa zimo katika vitabu vya nyimbo vya nchi za mbali. Lakini mashindano ya British Council yaliipita Singida kando, na hapakuhitajika mtu kukusudia jambo hilo: ukishachagua lugha umeshachagua na mikoa.

Maktaba ilivyofanikiwa

Kuna sehemu moja ya kazi ya British Council ambayo haki inatudai tuitaje kwa uzuri, kwa sababu inatupa kipimo. Mwaka 1960 Sydney Hockey, aliyekuwa mratibu wa maktaba wa shirika hilo katika Afrika Mashariki, alitoa taarifa iliyoshauri kila nchi iwe na huduma ya maktaba ya taifa, yenye makao makuu na matawi. Tanganyika ililichukua shauri hilo. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam ikafunguliwa mwaka 1967. Mkurugenzi wa mwanzo alikuwa Mwingereza, baadaye akafuata Mtanzania, Ezekiel Kaungamno. Maktaba za mikoa zilijengwa moja baada ya nyingine, na Singida nayo ikapata ya kwake.

Kwa nini mbegu hii iliota na ile ya Vugiri ikafa? Wote wawili walikuwa wageni wenye fedha za nje. Tofauti iko katika mambo yanayoweza kuonyeshwa kwa kidole. Maktaba ilipewa sheria ya Bunge la nchi, ilipewa fungu katika bajeti, ilipewa watumishi waliosomeshwa na kupandishwa vyeo, na mgeni alipewa muda wa kuondoka. Mratibu alikuwa wa nje kwa miaka michache tu, kisha ratiba ikawa yetu. Msomaji ajaribu kuupima kwa vitu hivyo mradi wowote wa sanaa uliopita wilayani kwake.

Taifa lashika ratiba

Tarehe 10 Desemba 1962, siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza Bungeni kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alilalamika kwamba watoto wetu walijua kucheza dansi za Ulaya na Amerika kuliko ngoma za babu zao, na papo hapo akaonya kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Sehemu ya pili ya hotuba hiyo husahauliwa sana na wanaoitumia ya kwanza.

Yeye mwenyewe aliionyesha kwa kalamu. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na ile ya The Merchant of Venice mwaka 1969, kwa jina la Mabepari wa Venisi. Hapa tunaomba ruhusa ya kusimama kidogo. Neno la Kiingereza lilikuwa la wafanyabiashara tu. Mfasiri akachagua mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Shakespeare aliyefika shuleni Singida kwa njia hiyo hakuletwa na kikundi kilichokodishiwa ndege kutoka London. Aliletwa kwa Kiswahili na mtu aliyekuwa na hoja yake ya kumletea. Kazi ya mwandishi mgeni ilikuwa ileile. Aliyepanga iingieje alikuwa mwingine.

Katika miaka ya 1960 na 1970 Serikali iliunda vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na michezo ya kuigiza. Vijana walipelekwa Uchina kujifunza sarakasi, wakarudi wakawa walimu. Maofisa Utamaduni waliwekwa mikoani na wilayani. Sheria mbili za mwaka 1974 ziliunda Baraza la Muziki na Baraza la Sanaa, ambayo mwaka 1984 yaliunganishwa kuwa BASATA. Uhusiano wa kibalozi na Uingereza ulivunjwa Desemba 1965 kwa sababu ya Rhodesia na kurejeshwa mwaka 1968, na katika miaka hiyo taifa lilijifunza kwamba marafiki wa utamaduni wanaweza kuwa wengi na si lazima wawe mabwana wa zamani.

Hata hivyo mafanikio makubwa kuliko yote ya kipindi hicho, kwa maoni yetu, hayakutoka kwenye kikundi cha taifa wala kwa mfadhili. Yalitoka kwa Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, jirani wa Singida, aliyefariki mwaka 1969. Ngonjera zake, mashairi ya kujibizana yaliyoweza kuchezwa na watoto wa shule uwanjani bila pazia na bila taa, zilichukuliwa na chama cha UKUTA na kuenezwa baada ya Azimio la Arusha. Kila shule ya msingi iliweza kuwa na ngonjera, kwa kuwa zilihitaji mwalimu, daftari na lugha ambayo kila mtoto aliielewa. Kiingereza kiliacha Singida nje ya mashindano ya miaka ya 1950. Kiswahili kiliiingiza bila kuomba nafasi. Kwamba baadaye ngonjera nyingi zilikuwa za kusifu tu na zikachosha, hilo ni kweli, na lazima lisemwe.

Maana udhaifu wa uratibu wa Taifa nao ulianza mapema. Ngoma ilipowekwa chini ya ofisi, kazi yake ya kwanza ikawa kupokea wageni. Kikundi cha wazee kutoka kijijini kilipakiwa kwenye lori, kikacheza dakika 10 kwenye jua mkuu anaposhuka kwenye gari, kikarudishwa. Masharti ya ngoma yalikatwa, nyimbo zenye kukosoa zikaachwa, na majira ya ngoma yakawa majira ya ziara. Na fungu la utamaduni halikuwahi kuwa la kutosha. Idara yenyewe ilihamishwa kutoka wizara moja hadi nyingine mara nyingi kiasi kwamba majalada yalichoka kuliko watumishi.

Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 na uhaba wa fedha za kigeni uliofuata vilimaliza mambo. Vikundi vya taifa vilivunjwa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa, wasanii wa vikundi wakiwa miongoni mwa walimu wake. Chuo kimelea wasanii wa kuheshimiwa. Lakini tuangalie ramani: Bagamoyo iko pwani, kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam. Sweden ilisaidia kujenga ukumbi mkubwa wa chuo uliofunguliwa mwaka 1990, na paa lake la makuti liliungua mwaka 2002. Wafadhili, balozi na tamasha vilijikusanya kwenye barabara hiyo moja.

Maisha ya Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki Desemba 2003, yanaonyesha hali hiyo kwa ufupi. Aliitwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960, akawa nguzo ya kikundi cha taifa na kisha mwalimu wa Bagamoyo. Ilimba na zeze lake vilisikika Ulaya, Japani na Marekani, na mwaka 2002 santuri yake pamoja na Michael Brook ilitolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza. Alistahili yote hayo. Lakini kijana wa Manyoni, ambaye Kigogo ni lugha ya mama yake, alikuwa na nafasi ndogo ya kumwona Zawose jukwaani kuliko kijana wa London. Hakuna aliyepanga njama. Tamasha za Ulaya zilikuwa na waratibu, na Manyoni, ambako reli ya kati inapita, haikuwa naye.

Mwaka wa fedha na msimu wa kilimo

Tangu miaka ya 1990 mashirika ya nje yamerudi kwa nguvu, na lugha yao imebadilika. Siku hizi hawazungumzi juu ya kuifanya Uingereza au Ujerumani ipendwe. Wanazungumza juu ya ushirikiano, vijana, na uchumi wa ubunifu. Katika miaka ya 2010 British Council iliendesha programu moja ya sanaa kwa nchi kadhaa za Afrika Mashariki pamoja, Tanzania ikiwamo. Waratibu wengi wa ofisi hizi sasa ni Waafrika, mara nyingi wasanii wenyewe, na wengine wanafanya kazi kwa moyo. Kasumba ya zamani ya kumpima Mwafrika kwa matamshi yake imepungua sana. Ni lazima tuyatambue mabadiliko haya, la sivyo tutakuwa tunapigana na kivuli cha mwaka 1952.

Lakini ratiba bado inasema. British Council hufunga mwaka wake wa fedha tarehe 31 Machi. Ofisi yoyote yenye mwaka wa namna hiyo hutaka fedha za miradi ziwe zimetumika na taarifa zimeandikwa kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo miezi ya Januari hadi Machi ndiyo ya kukamilisha warsha na maonyesho. Singida, Januari ni palizi. Februari na Machi, ghala ni tupu, barabara za vijijini zina matope, na mwenye ngoma yuko shambani na wajukuu wake. Mratibu akiitisha vikundi mwezi huo atawapata vijana wa mjini wasio na shamba, nao ndio watakaoandikwa kuwa sanaa ya Singida. Akija Julai au Agosti, wakati wa ngoma wenyewe, ataambiwa na ofisi yake kwamba mwaka mpya ndio kwanza umeanza na maombi bado yanachambuliwa. Hapa hakuna ubeberu wa kukusudia wala dharau. Kuna kalenda mbili, na inayotawala ni ya mwenye fedha.

Kadhalika andiko la mradi. Maombi kwa mashirika haya kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, yana kurasa za malengo na viashiria, na hutaka kikundi kiwe na akaunti ya benki na cheti. Kikundi cha wanawake wa Kinyaturu chenye nyimbo 200 kichwani hakina mwandishi wa malengo. Hivyo huzaliwa mtu wa kati, kijana wa mjini anayejua Kiingereza cha wafadhili, ambaye kikundi humtegemea na ambaye humlipa kwa sehemu ya posho. Tunaweza kumwita dalali wa utamaduni, na tukiwa wakweli tutakubali kwamba hatukuletewa na mgeni peke yake. Sisi wenyewe tulimwachia nafasi, kwa kuwa Ofisa Utamaduni wa wilaya, ambaye kazi hiyo ni yake kwa mujibu wa cheo, mara nyingi hana usafiri, hana fungu, na anashikilia shughuli nyingine za halmashauri.

Karibu na Singida kuna mfano wa kutazamwa. Tangu mwaka 2009, katika kijiji cha Chamwino mkoani Dodoma, hufanyika tamasha la muziki wa Wagogo lililoanzishwa na Kedmon Mapana, mwanamuziki na msomi wa hukohuko, ambaye baadaye akawa Katibu Mtendaji wa BASATA. Wageni huja, wengine kutoka mbali, lakini huja Chamwino, na hukuta vikundi vinavyoimba kwa lugha yao mbele ya watu wao. Hatusemi kwamba tamasha hilo halina matatizo ya fedha. Tunasema kwamba pale mgeni anaifuata ratiba ya kijiji.

Singida inavyo vya kuanzia. Uwanja wa mpira wa Chama mjini Singida, uliojulikana kwa miaka mingi kama Namfua, sasa unaitwa Liti, kwa jina la yule mama wa nyuki. Jina limebadilika, lakini masimulizi yenyewe bado yako zaidi katika vinywa vya wazee kuliko katika daftari, na kila masika wanapungua. Orodha ya wenye ngoma, kijiji kwa kijiji, kuanzia Manyoni hadi Kiomboi na Mkalama. Majira ya kila ngoma. Nyimbo zipi zinaruhusiwa kusikiwa na watu wa nje na zipi haziruhusiwi. Nakala moja ikae maktaba ya mkoa na nyingine kijijini: kazi hiyo inahitaji Ofisa Utamaduni mwenye pikipiki, simu ya kunasa sauti, na mkalimani wa Kinyaturu, Kinyiramba au Kihadzabe pale yeye mwenyewe asipoijua lugha. Halmashauri huanza mwaka wake wa fedha tarehe 1 Julai, mavuno yakiwa yameingia na ngoma zikiwa zimeanza. Kalenda hiyo inalingana na ya wakulima, na kifungu chake huombwa kwenye vikao vya bajeti vya miezi ya mwanzo wa mwaka, ambavyo madiwani wa Chama huhudhuria.